Nyumba ya Kukalia Eda

Kisauni, Mombasa
6 Agosti 2023

Kwa Shangazi yangu Bi Ummulkheir, Faza

Shikamoo Shangazi, na assalaam aleikum kwako na kwa kila aliye chini ya dari lako. Natumai barua hii itakukuta mzima, miguu imepunguza uchokozi wake, na wale wasichana wako wa madrasa wameacha kukuchekea unaposinzia. Huku hatujambo kwa uwezo wa Mola. Maji ya mfereji yanakuja yakipenda. Yule paka uliyeniachia amezaa tena, chini ya kitanda changu, wala hakuniomba ruhusa.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Shangazi, mara ya mwisho ulinifanya nirudie habari ya choo changu kuziba, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na jioni yake Jafar wa basi akanipigia kutoka Mokowe kunipa pole ya choo. Sikio lako na simu havipatani, na Faza nzima husikiliza. Mambo ya nyumbani tuyaandike. Jafar amekubali kuwa akizibeba barua zetu hadi Mokowe na kuzitia botini.

Basi sikiliza. Intisar yuko kwangu. Ametoka Kiembeni bila sanduku, na buibui alilokuja nalo ni la jirani. Mkono wake wa kushoto umetiwa plasta hospitalini. Aliteleza ngazini, lakini usihangaike, unapona. Hataki kurudi kwa Habib na mimi sitaki arudi.

Unaijua kazi yangu, ile unayoiita kazi ya kuvunja nyumba za watu. Nawasindikiza wanawake waliopigwa na waume zao. Naenda nao polisi kuandikisha ripoti, hospitalini, mahakamani, na wakiitwa ndani nawashikia watoto. Safari hii aliyekaa kwenye lile benchi letu la kituoni ni mdogo wangu. Wakili wetu Pascalia, mtu wa bara lakini ana moyo, amemwombea kwa hakimu amri ya ulinzi ya kumkataza Habib asimsogelee. Pia tumepeleka shauri kwa Kadhi, Intisar adai fasikhi, ndoa ivunjwe na Kadhi mwenyewe.

Nakuomba jambo moja tu, umwandikie. Mimi ni dada mkubwa asiye na mume, na katika mambo ya ndoa maneno yangu kwake ni kelele za paka. Wewe ndiye uliyetulea tangu mama alipotutoka. Ukimwambia Intisar simama, atasimama. Ukimwambia kaa, atakaa. Mwambie asimame.

Mwanao,
Barke


Faza
21 Agosti 2023

Mwanangu Barke,

Waaleikum salaam, na marahaba nyingi. Barua yako imefika ikinuka samaki wa ng'onda, sijui Jafar aliiweka wapi. Mimi ni mzima. Miguu ni ile ile, ukiibembeleza inakwenda, ukiiamrisha inagoma. Wasichana watatu wamehitimu msahafu Ijumaa iliyopita, tukapika mahamri na mbaazi, na mmoja wao alilia kwa furaha mpaka akanitia machozi na mimi, ambaye husema silii ovyo.

Habari yako imeniuma. Posa ya Habib niliipokea mimi, na aliyesema ndiyo ni mimi. Namjua kuwa mtu wa msikitini, wa sauti ya chini, na kila nikija Kiembeni hunivua viatu kwa mikono yake. Ndoa ni sitara, Barke. Mambo ya ndani yakishafika kwa hakimu hayarudi ndani tena, hata kama watu wenyewe wamepatana.

Na kuna jambo moja. Nimekaa katika nyumba ile ya Kiembeni mwezi mzima, ule mwaka nilipokuja kutibiwa macho. Nyumba ile ni ya chini, haina ghorofa. Hiyo ngazi aliyoteleza Intisar iko wapi? Sikuandikii kukusuta. Nakuuliza kama mama, na nataka jibu la mtoto kwa mamake. Amempiga? Na kama amempiga, amempiga vipi? Mficha maradhi kilio humfichua.

Sitamwandikia Intisar mpaka unijibu. Siwezi kumpa mtu dawa ya ugonjwa nisioambiwa.

Mpe salamu zangu. Mwambie anywe maziwa, mfupa unataka maziwa.

Shangazi yako,
Ummulkheir


Kisauni
10 Septemba 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako tumeipokea na tumekunywa maziwa. Intisar anakusalimu sana. Ameanza kula vizuri, na juzi nilimsikia akicheka peke yake chumbani. Nilipoingia nikakuta mtoto wa paka amejifunga kwenye mtandio wake. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka, nikasimama mlangoni kama mjinga.

Kuhusu ngazi, Shangazi, tuiache. Kwa wanawake wengine mimi huandika kila kitu, kwa maneno yao wenyewe, alipigwa wapi, kwa kitu gani, nani aliona. Bila hivyo hakimu hasikii. Lakini kalamu ile ile nikiielekeza kwako inakataa. Una presha, daktari wa Lamu alikuonya juu ya mishtuko, na Intisar ameniapisha nisikwambie. Chukua hivi tu, ni ugomvi wa nyumbani uliozidi kipimo.

Habari njema ni kuwa amri ya hakimu imetoka. Habib hana ruhusa ya kumkaribia wala kumpigia simu, na nakala iko polisi, kwenye dawati la jinsia. Na shauri la fasikhi limepangwa kusikizwa mwezi wa Novemba. Najua unaweza kunifundisha eda na talaka huku umelala, lakini wacha nikueleze kwa nini tunang'ang'ania fasikhi, hatukungojea talaka ya mume. Habib akitoa talaka moja, ana haki ya kumrejea mkewe wakati wowote ndani ya eda, ile miezi ya kungojea, mke apende asipende. Fasikhi ya Kadhi haina rejea. Ikishatoka, mlango umefungwa na ufunguo hana. Pascalia alitaka kuelewa jambo hili, nikamweleza mpaka akasema, "Kumbe ninyi mna mambo ya maana sana, ila mnayaficha."

Ametutania, lakini amesema kweli.

Sasa nimekujibu. Mwandikie mtoto wako. Kila Jafar akipita, Intisar huuliza kama kuna bahasha yake.

Wako,
Barke


Faza
24 Oktoba 2023

Mwanangu Barke,

Salaam aleikum. Niwie radhi kwa kukawia. Nilikuwa na homa, kisha nikawa na mgeni, na mgeni ukishamkaribisha huwezi kumfukuza kwa sababu una barua ya kuandika. Mvua zimeanza mapema mwaka huu na zina hasira. Ukuta wa madrasa upande wa kibla umelowa.

Alhamdulillahi, jambo letu limepata njia bila makelele. Habib ametoa talaka. Talaka moja, kwa karatasi na mashahidi, na karatasi nimeiona kwa macho yangu haya. Haya sasa, wewe ulitaka atoke, ametolewa. Mwenye nyumba akishafungua mlango mwenyewe, kuna haja gani ya kuvunja dirisha?

Kwa hiyo nimemwandikia Intisar, bahasha yake iko humu humu ndani ya kifurushi, imefungwa, mpe kama ilivyo. Nimemwambia mambo mawili. La kwanza, shauri la kwa Kadhi aliondoe, halina kazi tena, na kumshitaki mtu aliyekwisha kuacha ni utesi. La pili, arudi Kiembeni akae eda yake. Mwanamke wa talaka moja eda yake ni nyumba ya mumewe, hatolewi wala hatoki mpaka tohara tatu, zile siku safi baina ya hedhi, zimalizike. Hili si langu, wewe umelisoma kwangu ukiwa na miaka tisa. Sitaki mtoto niliyemlea aachike vizuri halafu aharibu kwa kukaa eda Kisauni, kwenye nyumba ya paka.

Usininunie. Umeniambia ni ugomvi uliozidi kipimo. Ugomvi dawa yake ni kutengana, na wametengana. Zikiisha tohara tatu atakuja zake Faza, nitampa darasa la wadogo. Na iwapo katika muda huo Mungu atatia huruma baina yao, nani kati yetu atamkataza Mungu?

Shangazi yako,
Ummulkheir


Kisauni
4 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa homa, na pole kwa ukuta. Leo sina habari za paka.

Kifurushi chako Jafar alikileta nikiwa kazini, akampa Intisar mkononi. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ameiweka barua yako juu ya kichwa kama unavyotufunza kuweka msahafu. Alikuwa ametulia, wallahi nilikuwa sijamwona ametulia hivyo. Akaniambia, "Dada, Shangazi ameniandikia." Basi. Nilizungumza mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia atarejewa, ni hila, mtu huyu ametoa talaka ili kesi ife. Akanijibu kwamba mimi najua sheria lakini Shangazi anajua dini, na yeye hataki kuingia kaburini na eda mbovu.

Asubuhi yake alikwenda kwa Kadhi akaliondoa shauri, na jioni akapanda tuktuk kwenda Kiembeni na plasta yake. Nilikwenda polisi nikamwambia askari wa dawati kwamba kuna amri ya hakimu. Alinitazama kwa huruma, si mtu mbaya yule. Akasema, "Dada, amri inasema mume asimfuate. Haikusema mke asiende kulala kwake." Pascalia alifunga mlango wa ofisi yake. Nilimsikia akilia humo ndani, mtu ambaye hakumjua Intisar hata miezi minne.

Nilikupigia simu. Uliitika, "Nani?" Nikasema Barke. "Nani?" Nikasikia wasichana wako wakicheka, na sauti ya mwanamume akinunua kitu hapo barazani. Nilikuwa na maneno mdomoni, Shangazi, nilitaka kuyapiga kelele, lakini niliona Faza nzima inasimama kuyasikiliza, jina la Intisar likitembea mitaani. Nikasema tu, "Nakusalimu." Ukasema, "Na mimi nakusalimu." Nikakata.

Sasa nakuandikia nilichotakiwa kukwambia Agosti, na kiapo cha Intisar Mungu atanisamehe. Hakuna ngazi. Habib aliuvunja mkono ule kwa mchi wa kinu. Kabla ya kuuvunja alimwambia achague ni upi. Intisar alichagua wa kushoto, ili abaki na wa kushikia msahafu. Yote hayo aliyafanya kwa sauti ya chini, ile ile unayoisifu, na alipomaliza alimletea maji. Wala haikuwa mara ya kwanza, ila zile nyingine hazikufika hospitalini.

Mwandikie upesi. Mwambie dini inamruhusu atoke. Hatanisikia mimi, hamsikii wakili, hamsikii askari, atakusikia wewe. Ana tohara tatu, na Habib akimrejea kabla hazijaisha, tumekwisha. Jafar anasema barabara ya Garsen imeanza kuingia maji, lakini atajaribu.

Barke


Faza
20 Desemba 2023

Barke mwanangu,

Salaam aleikum. Barua yako ya mwezi wa Novemba imenifikia jana. Barabara ilikatika, mabasi yakasimama, kifurushi kikalala Malindi wiki na wiki, kisha boti zikawa hazitoki kwa bahari chafu. Imefika imelowa, wino umetapakaa, lakini pale penye habari ya mkono pamesomeka pote.

Nimeisoma nikaketi. Wasichana walikuja wakaona hali yangu, nikawaambia leo hakuna chuo.

Nianze na mgeni wangu, maana sikukutajia jina. Alikuwa Habib. Alikuja Faza mwenyewe, akafikia kwangu, akanivua viatu kama kawaida yake, akakaa chini. Aliniambia ameshindwa na nyumba, kosa ni lake, amempa talaka ili asimzuie. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Shangazi, dini inasemaje juu ya eda, akae wapi?" Barke, nilifurahi. Nilifurahi kuona kijana wa siku hizi anayeuliza dini. Nikamwambia, naye akasema basi nimwandikie Intisar, maana neno lake yeye Intisar halitaki. Aliniachia kalamu yake niandikie. Sikukwambia kwa sababu nilijua utapiga kelele, na nilitaka nikuonyeshe kwamba utu uzima una njia zake.

Sasa nikwambie jambo litakalokukasirisha. Dini ile ile iliyosema akae ndani ya nyumba imesema pia kwamba akihofia nafsi yake atoke, akae eda penye amani. Naijua mas'ala hiyo, naifundisha kila mwaka. Hukunipa sababu ya kuitumia. Nilikuuliza juu ya ngazi, ukaniambia tuiache.

Hapana, nisikutupie wewe. Mimi nilipojua hakuna ngazi ilinipasa nitosheke na hilo. Nilitaka kuambiwa kwa maneno, na wewe ulinistahi, na kati ya kustahiana kwetu mtoto amekwenda.

Humu mna barua ya Intisar. Nimemwandikia atoke siku atakayoisoma, asingoje kukucha. Nimeiandika kwa herufi kubwa na mwandiko umepinda, mwambie ndio wangu. Mpe mkononi. Jafar nimemwapisha.

Ummulkheir


Kisauni
9 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai presha imeshuka, na ukuta umekauka. Jafar amefika na barua zako salama. Alizibeba ndani ya shati.

Tumechelewa. Wiki moja kabla ya Jafar kufika, walikuja ofisini kwetu wazee wawili wa kanzu, wenye heshima zao, wakanikabidhi karatasi. Habib amemrejea mkewe kwa kauli, na wao ni mashahidi. Tohara ya tatu ilikuwa bado siku chache. Mmoja wao aliniambia nifurahi, nyumba imejengeka tena. Nikawapikia chai, Shangazi. Sikujua la kufanya, nikawapikia chai.

Juu ya hivyo nilikwenda Kiembeni na barua yako. Habib alinifungulia mwenyewe, akaniuliza hali ya miguu yako. Intisar alisimama nyuma yake ukumbini. Plasta imetoka, ila mkono haunyooki sawasawa. Nikamwambia nina barua yake kutoka kwa Shangazi. Habib akanyoosha mkono. "Nipe, nitampa." Nikairudisha mkobani. Nikamtazama Intisar juu ya bega la mumewe, nikamwambia atoke sasa hivi, tuktuk inangoja, Shangazi mwenyewe amesema atoke. Akanijibu, "Nimerejewa, dada. Mimi ni mke wa mtu." Hakulia. Aliyasema kama anasoma. Habib akanishukuru kwa kuja na akaniomba nisije tena.

Nimekwenda kila mahali ninapowapeleka wengine. Polisi wanataka Intisar mwenyewe aandikishe. Karani wa Kadhi ameniambia shauri linaweza kufunguliwa upya, lakini mdai ni mke, si dada wa mke. Hakimu ameiondoa ile amri kwa sababu Intisar alikwenda, na Habib ubavuni mwake, akasema wamepatana. Kuna nyumba ya hifadhi ambayo ingemchukua kesho, na chumba chake Pascalia amekiwekea nafasi, lakini hatuwezi kumbeba mtu mzima kama gunia tukamweka humo. Hakuna aliyekosea kazi yake. Kila mlango una mtu mwema aliyeniambia, mlete mwenyewe.

Jana alikuja mama mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, amevimba jicho, akaniuliza, "Dada, nikianza hii safari nitafika?" Kazi yangu ni kumwambia ndiyo. Nikamvutia kiti, nikamwita Pascalia aje amjibu.

Nimechoka, Shangazi. Barua yako ya Intisar bado ninayo, sijui niiweke wapi.

Barke


Kiembeni
3 Machi 2024

Mwanangu Barke,

Salaam aleikum. Usishtuke kuona naandika kutoka Kiembeni. Wiki ya tatu sasa niko hapa, na wewe uko Kisauni, tungeweza kula pamoja chakula cha mchana. Ramadhani imebisha hodi, nikuombee funga njema mapema.

Nilifunga madrasa, nikamwambia Jafar anitie kwenye basi lake na asimwambie mtu. Nilijisemea, ikiwa mimi ndiye niliyemwambia akae nyumba hii, basi na tukae wote. Habib hawezi kumfukuza mzee aliyempokelea posa, watu wangemwonaje? Na kweli hakunifukuza. Amenipa chumba kizuri, ameninunulia godoro gumu la mgongo, asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Simu yangu aliichukua aibadilishe betri, haijarudi. Nikitaka kutoka hadi dukani anasema miguu yangu haifai jua, ataagiza. Nilipomwambia nataka kuja kwako alicheka kidogo akasema, "Inshallah." Sasa tumefungiwa wawili humu ndani.

Nilikuja na nia ya kuwa shahidi wako. Nilijua nikiona kwa macho yangu nitakwenda kwa Kadhi nikaseme, na mzee wa dini atasikizwa. Lakini mbele yangu hamgusi. Mbele yangu humwita mama. Wanapoingia chumbani kwao sisikii kitu, na wewe wajua masikio yangu, hata angelia nisingesikia. Nilikaa hapa mwezi mzima siku zile za macho nikasifu utulivu wa nyumba hii. Asubuhi Intisar anatembea pole pole, anainama kwa uangalifu. Nikimwuliza, amelala vibaya.

Juzi nikamshika. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosea fatwa, dini haikutaki humu, toka, na mimi nitakwenda kusema yote mbele ya Kadhi. Alinibusu mkono. Akaniambia, "Shangazi, ukiyasema hayo utaondoshwa humu, na mimi nitabaki." Nikamwambia tutaondoka wote. Akasema aliniamini mara ya kwanza, na bado ananipenda, lakini sasa ataniomba nisimwamrishe kitu tena. Kisha akaenda kukuna nazi, kwa mkono mmoja, nazi kaibana kwa ule mbovu.

Barke, nimewafundisha watoto wa watu miaka hamsini na sijawahi kukosa neno la kumjibu mtoto. Nilikosa. Nimeingia jikoni nikamkunia nazi mimi.

Barua hii ataitoa mama muuza mahamri, ananiletea ya asubuhi hadi dirishani. Usinijibu, hapa barua zinapokewa na mwenye nyumba. Usije pia. Mwambie Pascalia kile chumba asikiachie, hata wakimwambia hakina mtu. Sirudi Faza. Mlango wangu na wao inatazamana, nimemwomba Habib huu wangu usifungwe, nimesema nahofia kuanguka nikienda chooni. Usiku nauacha wazi, nakaa na taa na tasbihi, na kila baada ya muda nakohoa, ili Habib ajue kuna mtu macho. Mchana nalala. Intisar huniambia nimezeeka, siku hizi nalala sana. Mwache aamini hivyo.

Shangazi yako,
Ummulkheir